Taa ya Injini na Majina Yake: Historia Fupi ya Istilahi za Chombo katika Pwani ya Kilwa na Lindi

UTANGULIZI

Makala haya yanakusudia kuchunguza jambo ambalo kwa juujuu laonekana dogo, nalo ni jina la taa moja ya manjano iliyomo katika dashibodi ya gari. Taa hiyo huwaka pale kompyuta ya gari inapogundua hitilafu katika mwenendo wa injini. Madereva na mafundi wetu huiita cheki injini; wengine husema taa ya injini. Mfasiri wa kitabu cha maelekezo, mwalimu wa ufundi na karani anayejaza hati ya ukaguzi wa gari, kila mmoja huandika lile analoona linafaa.

Mtu aweza kuuliza kama taa ya gari inastahili kuchukua kurasa za jarida la lugha. Kwa maoni yetu inastahili. Kutoka Dar es Salaam hadi Lindi ni mwendo wa kilomita 450 hivi, na sehemu kubwa ya njia hiyo, hasa kutoka Mto Rufiji kupita Somanga na Nangurukuru, haina gereji karibu. Magari mengi yapitayo hapo ni makuukuu. Taa inapowaka usiku kati ya vijiji viwili, hakuna mtaalamu wa kuulizwa. Yupo dereva, ipo taa, na lipo neno analolijua dereva kwa taa hiyo. Neno likimpotosha, injini nzima yaweza kufa, na pamoja nayo mtaji wa mtu. Kwa hiyo tutafuata historia ya maneno ya vyombo katika pwani hii, tuone ni wapi yaliwafaa watumiaji na ni wapi yalianza kuwaacha, kisha tutoe mapendekezo.

MANENO YA CHOMBO CHA BAHARINI

Watu wa pwani hii ni watu wa vyombo tangu kale. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 alifika kwa bahari, na mji alioukuta uliishi kwa biashara ya bahari, ikiwamo dhahabu iliyotoka upande wa Sofala. Vyombo vingi vya Bahari ya Hindi katika zama hizo vilikuwa vya mbao zilizoshonwa kwa kamba za nazi. Chombo cha kushonwa huvuja hata kikiwa kizima, na baharia hakuuliza kama maji yanaingia, bali yanaingia kwa kiasi gani.

Kutokana na hali hiyo Kiswahili kilikuwa na maneno kamili ya kutambua hatari. Sehemu ya chini ya chombo ambako maji hukusanyika huitwa ngama. Kuyatoa maji hayo ni kuyafua. Kuziba nyufa kwa pamba na mafuta ni kutia kalafati. Timazi ya risasi inayoteremshwa kwa kamba ili kupima kina cha maji ni bildi, nayo hutiwa. Yafaa kutazama jinsi maneno haya yalivyofungamana na matendo: maji hufuliwa, bildi hutiwa, ufa hutiwa kalafati. Hapakuwa na neno la hatari lililomwacha baharia bila kujua mkono wake uende wapi.

Jambo la pili ni muhimu zaidi kwa hoja yetu. Maji ya ngama yakizidi hayasemi ni ubao gani uliopasuka. Yanasema tu kwamba kuna mahali panapovuja; kupatafuta mahali hapo ni kazi nyingine. Nahodha aliyeyaona maji hakung'oa ubao wa kwanza ulio karibu. Alitafuta. Tutairudia tofauti hii ya dalili na chanzo, kwa sababu ndiyo inayosumbua magereji ya leo.

GARI LILIPOFIKA KUSINI

Gari liliingia kusini kwa hatua. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Kilwa na Lindi zilikuwa vituo vya kushushia askari na shehena vya jeshi la Uingereza, na mapigano makali ya Mahiwa, bara ya Lindi, yalikuwa Oktoba 1917. Malori yalitumika, ingawa mzigo mkubwa zaidi wa vita vile ulibebwa na wapagazi kwa vichwa vyao. Hatua ya pili ilikuwa Mpango wa Karanga wa mwaka 1947 hadi 1951, ambao Nachingwea ilikuwa mojawapo ya sehemu zake tatu, pamoja na Kongwa na Urambo. Mpango ule uliteketeza zaidi ya pauni milioni 30 na haukufanikiwa. Matrekta yake mengi yalinunuliwa yakiwa yamekwisha kutumika vitani, nayo yaliharibika upesi. Hata hivyo, uliwaweka vijana wengi kando ya injini, na pale injini ilipokufa ilibidi waseme imekufaje.

Maneno yaliyohitajika yalipatikana kwa njia mbili. Yale yaliyokuwa na mfano baharini yalipanda nchi kavu. Usukani, ambao ulikuwa wa kuongozea chombo majini, ukawa gurudumu la kuongozea gari. Abiria, shehena, kupakia na kupakua, yote yalihama bila kubadilika. Njia hiyohiyo imeendelea hadi angani na ofisini: rubani, aliyekuwa mjuzi wa kuingiza vyombo bandarini, sasa ni mwendeshaji wa ndege, na dira, chombo cha kuonyesha kaskazini, imekuwa jina la mpango wa taifa wa maendeleo. Maneno yasiyokuwa na mfano yalikopwa: injini, gia, breki, klachi, plagi, betri, kabureta, rejeta. Hayakupita katika kamati yoyote. Yalipita kwa mdomo na sikio, kutoka kwa fundi hadi kwa mwanagenzi, na kila neno lilikuja pamoja na kitu kinachoshikika.

Lugha ya kutambua ugonjwa wa gari ilikuwa ya macho, masikio na pua. Moshi mweusi ulimaanisha petroli inayozidi. Moshi wa samawati, oili inayoungua. Moshi mweupe mzito usiokoma, maji yaliyoingia ndani ya silinda. Gari lilichemsha, liligonga, lilikosa moto. Mtu aliyekulia Kilwa Kivinje aliweza kuyaeleza maradhi yote ya Bedford au Land Rover kwa Kiswahili kisichopungua kitu.

Taa za dashibodi zilikuwapo pia. Katika miaka ya 1930 kampuni ya Hudson ya Marekani ilianza kuweka taa mahali pa mishale ya kupimia mgandamizo wa oili na umeme. Wamarekani wenyewe walizidhihaki kwa kuziita taa za wajinga, kwa kuwa mshale huonyesha kiasi, lakini taa husubiri hadi jambo liharibike ndipo iseme. Hata hivyo taa zile kila moja ilikuwa na jambo lake moja: ya oili, ya betri. Taa tunayoichunguza ni ya namna nyingine kabisa.

ASILI YA TAA YENYEWE

Watu wengi hudhani kwamba taa hii ilibuniwa ili kuilinda injini. Historia yaonyesha vingine. Chanzo chake ni moshi wa mji wa Los Angeles. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mwanakemia Arie Haagen-Smit alionyesha kwamba ukungu mchafu wa mji ule ulitokana na hewa za magari na viwanda zikipigwa na jua. Jimbo la California likawa la kwanza kuweka masharti makali. Ili kuyatimiza, watengenezaji waliweka kompyuta ya kusimamia uchomaji wa petroli, na kampuni ya General Motors ikaeneza mtambo huo katika magari yake ya mwaka 1981, pamoja na taa ya kumwamuru dereva akague injini. Mwaka 1985 Bodi ya Rasilimali za Hewa ya California ilipitisha kanuni iliyoyataka magari ya kuanzia toleo la 1988 yajichunguze yenyewe na kuwasha taa. Kanuni ya pili, iliyosanifu tundu la kusomea lenye pini 16 na misimbo ya aina moja kwa watengenezaji wote, ilienea katika magari yote mapya ya Marekani ifikapo 1996. Ulaya ilifuata mwaka 2001 kwa magari ya petroli.

Kwa hiyo taa hii kwa asili yake ni mlinzi wa hewa. Huwaka mtambo unapoona kwamba gari linaweza kutoa uchafu kupita kiwango. Ndiyo maana kifuniko cha tangi la petroli kisichokazwa sawasawa chaweza kuiwasha katika magari yenye mfumo wa kunasa mvuke wa petroli, ingawa injini haina kasoro hata moja. Ndiyo maana pia injini yaweza kuwa inagonga na kukaribia kuvunjika, na taa ikakaa kimya. Jina la Kiingereza, lenye neno injini ndani yake, liliificha historia hiyo tangu mwanzo. Sisi tulipolipokea tuliupokea na huo mficho.

TAA ILIPOWASILI KWETU

Mwaka 1984 serikali iliporuhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni, mlango ulianza kufunguka kwa magari yaliyotumika, na miaka iliyofuata yaliingia kwa wingi kutoka Japani. Leo Noah na Hiace ndizo zinazochukua abiria katika njia nyingi za mkoa wa Lindi. Kufunguliwa kwa Daraja la Mkapa juu ya Mto Rufiji mwaka 2003, na kuwekwa lami kwa sehemu zilizobaki baadaye, kuliyawezesha magari madogo kupita mahali ambapo zamani lori lenyewe lilikwama masika. Barabara hiyo bado si ya kuaminiwa kila siku: mvua na Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 viliikata wilayani Kilwa, magari yakalala njiani.

Magari haya yalikuja na lugha yao. Mengine humsemesha dereva Kijapani kila anapowasha, na redio zake hazishiki stesheni zetu zote, maana zimetengenezwa kwa masafa ya kwao. Vitabu vyake vya maelekezo, kama vimo, ni vya Kijapani. Kilichobaki ni alama: picha ya injini, ambayo mtu asiyeambiwa huweza kuidhani birika au pampu ya maji. Mahali pengine pameandikwa neno moja la Kiingereza la kuamuru ukaguzi.

Hapo Kiswahili cha mtaani kilifanya kazi yake kwa haraka. Amri ya Kiingereza iligeuzwa nomino ya Kiswahili: "cheki injini imewaka." Ni umbo lenye upatanisho sahihi, linatamkika, na watu wote wanaelewana. Hatuna sababu ya kuligombeza. Lakini tofauti yake na maneno ya awali yaonekana: plagi ilikuja pamoja na plagi mkononi, cheki injini ilikuja peke yake, bila maelezo ya nini kimeonekana, kwa uzito gani, na dereva afanye nini.

MTEGO WA NENO MAFUTA

Kabla ya kuendelea na taa ya manjano, hapana budi kuitaja jirani yake nyekundu, kwa sababu hapo ndipo lugha inapoweza kuua injini kwa dakika chache.

Katika Kiswahili, mafuta ni ya kupikia, ya kujipaka, ya taa, ya kuendeshea gari na ya kulainishia injini. Upana huo ni mali ya lugha, wala si kasoro. Mfasiri akiikuta taa yenye picha ya kopo linalodondosha tone, taa ambayo huonyesha kwamba mgandamizo wa oili umeanguka, naye akaandika "taa ya mafuta", hajakosea kwa kamusi. Lakini dereva aliyeko kati ya Nangurukuru na Lindi, akisoma maneno hayo, ataelewa kwamba petroli inakaribia kwisha. Atafanya jambo la busara kwa kadiri ya alivyoelewa: ataendelea na safari hadi kituo cha kujazia. Injini isiyo na mgandamizo wa oili haiwezi kufika huko. Chuma kitasagana na chuma hadi kishikane.

Mafundi walilitatua tatizo hili zamani kwa kukopa. Kwao mafuta ni petroli au dizeli. Kitu cha kulainisha ni oili. Mkuza istilahi mwenye mapenzi na maneno ya asili huweza kuiona oili kuwa uvivu wa kutafuta. Sisi tunaiona kuwa tofauti ya lazima iliyogunduliwa na watu wa kazi. Kanuni tunayoipata hapa ni kwamba neno la asili likitumiwa kwa vitu viwili ambavyo kuvichanganya kunaleta hasara, mkopo uliokwisha kuzoeleka ndio Kiswahili bora.

SENSA, KODI NA MASEGA

Si kila mkopo una sifa hiyo. Vifaa vidogo vinavyoipasha kompyuta habari za joto, hewa na mwendo, mafundi huviita sensa. Namba zinazotolewa na kompyuta, wengine huziita kodi. Sasa maneno yote mawili tayari yana wenyewe. Sensa ni hesabu ya watu, na taifa limeifanya mwaka 1967, 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022. Kodi ni malipo kwa serikali au kwa mwenye nyumba. Mtumishi wa serikali akiletewa barua isemayo kwamba "gari la idara lilipopimwa, sensa ilitoa kodi tatu", ana haki ya kudhani kwamba barua imepotea njia. Kwa bahati Kiswahili kina kihisi na msimbo, maneno mafupi yaliyokwisha kuingia katika istilahi za sayansi na kompyuta. Hapa mkopo unachanganya na neno la asili linatenganisha. Kwa hiyo uamuzi ni kinyume cha ule wa oili, ingawa kanuni ni ileile.

Aina ya tatu ni neno lisilokopwa wala kutafsiriwa, bali lililobuniwa kwa kutazama. Katika bomba la moshi la magari ya siku hizi kimo chombo chenye vitundu vingi vyembamba, kilichopakwa madini ya thamani kama platinamu, paladi na rodi, ambacho kazi yake ni kugeuza hewa zenye sumu kuwa zisizodhuru sana. Mafundi walipokipasua wakaona vitundu vilivyopangana, wakakiita masega. Kila aliyepata kuona sega la nyuki anakielewa. Kamati ingeweza kukaa siku nyingi ikaleta "kigeuzi kichocheo", neno sahihi lisiloonyesha kitu chochote akilini. Masega yana na historia yake ya huzuni: petroli yenye risasi, ambayo iliachwa katika nchi za Afrika kusini ya Sahara kufikia mwanzo wa mwaka 2006, iliyaua, na siku hizi huondolewa na kuuzwa kwa ajili ya yale madini. Gari lililoondolewa masega huwaka taa ya manjano, kwa kuwa kihisi kilicho nyuma yake huona kwamba moshi haukusafishwa.

NAMNA YA KUISOMA TAA

Tukitaka kuipa taa jina, yatupasa kwanza kujua inavyosema. Msomaji asiye fundi atatusamehe kwa maelezo haya, kwa sababu istilahi isiyojua kazi ya kitu ni pambo tu.

Kwanza, rangi. Nyekundu ni amri ya kusimama: oili, au joto la injini. Manjano ni onyo la kuangalia. Pili, mwendo wa taa. Ikiwaka bila kutikisika, gari laweza kuendelea kwa mwendo wa wastani hadi kwa fundi, mradi mshale wa joto haupandi, taa ya oili haiwaki na injini haibadili sauti. Ikipepesa huku gari likitembea, maana yake kwa kawaida ni kwamba silinda moja au zaidi inakosa moto, petroli isiyoungua inaingia katika bomba la moshi, na masega yanaungua. Hapo dereva apunguze mwendo, asibebeshe gari mlima wala mzigo, na asimame mahali pa salama.

Tatu, taa isiyowaka kabisa nayo ina habari. Ufunguo unapofunguliwa kabla ya injini kuungurumishwa, taa hii hupasa kuwaka, kisha izime baada ya injini kuanza. Isipowaka wakati huo, huenda balbu imekufa. Na mnunuzi wa gari kuukuu yafaa ajue kwamba balbu huweza pia kuondolewa kwa makusudi, au misimbo kufutwa asubuhi ya siku ya kuuza. Ukimya wa taa si cheti cha uzima.

Nne, msimbo. Fundi huchomeka chombo cha kusomea akapata herufi moja na tarakimu nne. Herufi P ni ya injini na gia, B ni ya bodi, C ni ya chasi, U ni ya mawasiliano ya kompyuta. Katika magari ya zamani zaidi ya Toyota hakuhitajiwi chombo: vituo viwili vya umeme, TE1 na E1, huunganishwa kwa kipande cha waya, na taa yenyewe huanza kuhesabu kwa kuwaka na kuzima. Ikiwaka mara moja, ikatulia, kisha ikawaka mara mbili, hiyo ni 12. Huku ni kupepesa kwa namna nyingine, ambako si hatari bali ni usemi. Jambo hili nalo lahitaji neno lake.

Hapa ndipo turudipo kwenye ngama. Msimbo P0171 wasema kwamba kompyuta imeona hewa nyingi kuliko petroli katika mchanganyiko. Habari hiyo huletwa na kihisi cha oksijeni. Chanzo chaweza kuwa mpira uliopasuka unaovuta hewa, chujio la petroli lililoziba, pampu iliyochoka, au gari lililofungiwa gesi bila kurekebishwa sawasawa. Gesi iliyogunduliwa Songo Songo mwaka 1974 na kufikishwa Dar es Salaam kwa bomba mwaka 2004 sasa inaendesha na magari, na lau kipimo hakikuwekwa vema, kompyuta iliyofundishwa petroli italalamika. Basi mtu akiitafsiri habari ile kuwa "kihisi cha oksijeni ni kibovu", mwenye gari atanunua kihisi kipya kwa fedha nyingi, taa itazimwa, na baada ya siku chache itawaka tena. Ni sawa na nahodha kumfukuza baharia aliyemletea habari za maji. Tofauti kati ya "kihisi kimeona hitilafu" na "kihisi kina hitilafu" ni ya neno moja tu, na neno hilo lina bei.

MAPENDEKEZO

Kwa kuzingatia yaliyosemwa, tunapendekeza istilahi zifuatazo zijadiliwe na wataalamu, walimu na mafundi kabla ya kupelekwa kusanifiwa:

Taa ya tahadhari ya injini: taa ya manjano inayowashwa na kompyuta ya gari inapogundua hitilafu katika uchomaji au utoaji wa moshi. Cheki injini ibaki kuwa jina la mazungumzo, na kamusi ilionyeshe.

Taa ya hatari ya oili: taa nyekundu ya mgandamizo wa oili. Neno mafuta lisitumiwe hapa hata kidogo.

Kuwaka mfululizo na kupepesa: hali mbili za taa ya tahadhari ambazo zisichanganywe katika tafsiri yoyote.

Kuhesabu: kuwaka na kuzima kwa taa kwa mpango ili kutaja msimbo.

Kihisi na msimbo wa hitilafu: mahali pa sensa na kodi katika maandishi rasmi.

Masega ya ekzosi: chombo cha kusafishia moshi. Neno la mafundi likubaliwe kama lilivyo.

Kukosa moto: silinda kutochoma mchanganyiko wake.

Mchanganyiko wenye hewa kupita kiasi: tuliepuka neno mchanganyiko mwembamba, kwa kuwa ni tafsiri ya sisisi isiyomwonyesha mtu hewa wala petroli, na tuliepuka upungufu wa mafuta, kwa sababu iliyokwisha kuelezwa.

Msomaji ataona kwamba tumelitenga neno tahadhari kwa manjano na neno hatari kwa nyekundu. Maneno haya mawili aghalabu hutumiwa kana kwamba ni kitu kimoja. Ikiwa watafsiri watakubaliana kuyaweka katika ngazi hizo daima, dereva atajua uzito wa jambo kabla hajajua jambo lenyewe, na utaratibu huo utafaa pia katika mitambo ya hospitali, viwanda na umeme.

HITIMISHO

Tumeona kwamba bahari iliipa pwani hii maneno yaliyofungwa na matendo, na kwamba enzi ya kabureta iliongeza mikopo iliyokuja na vitu vyake. Enzi ya kompyuta imeleta ishara bila maelezo. Pengo hilo halitokani na udhaifu wa Kiswahili, bali na kukatika kwa mnyororo uliokuwa ukimfikishia mwanagenzi neno na kitu kwa pamoja.

Kuuunga mnyororo huo ni kazi ya watu watatu. Mwalimu wa ufundi, kama wale wa chuo cha VETA kilichoko Lindi, ayatumie maneno haya mbele ya injini iliyo wazi, ayapime kama yanashika. Mtumishi wa serikali ayaandike katika hati za ukaguzi na za ununuzi wa vipuri, maana tangu mwaka 2021 sheria imekipa Kiswahili nafasi kubwa zaidi katika sheria na mahakama, na hati ya leo ndiyo ushahidi wa kesho. Mfasiri naye, kabla ya kufungua kamusi, aende gereji. Kimgao cha Kilwa na Lindi bado kina wazee waliofua maji ngamani na vijana wanaopasua masega. Wote wawili wanajua kutaja hatari kwa jina lake. Istilahi zitakazopita mikononi mwao hazitahitaji kulazimishwa kwa mtu, kwa kuwa dereva atazikuta zimekwisha kumtangulia barabarani.